Kumaliza na Kutetea Tasnifu ya Uzamili ya Isimu: Mwongozo kwa Anayetafiti Unguja na Pemba

Masomo ya darasani yakimalizika tu maswali huanza, na kila mwaka ni yaleyale. Nianze na sura ipi? Niwarekodi watu wangapi? Nadharia nichague kabla ya data au baada yake? Jopo likiniuliza nisilolijua nijibu nini? Majibu nimeyaweka hapa pamoja ili usizunguke mlango kwa mlango kuyatafuta.

Nasema na wewe unayeandika tasnifu ya uzamili ya isimu na data yako unaichukua hapa visiwani: Kimakunduchi, Kitumbatu, Kipemba na vijilahaja vyake, au Kiswahili cha mjini Unguja. Uwe unasoma SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar), uwe umevuka maji kwenda Dar es Salaam au Dodoma, njia haitofautiani sana.

Hatua zote zimejengwa juu ya jambo moja: tasnifu ya isimu inasimama kwa sura ya nne, yaani data na uchambuzi wake. Wanafunzi wengi wanakaa miezi na miezi wakipamba sura ya pili, wananukuu kila aliyewahi kuandika kuhusu lahaja, na huku rekodi zimelala kwenye simu hazijasikilizwa hata mara moja. Mtahini anapofungua kazi yako anatafuta kitu ambacho mwengine hana. Mapitio ya maandishi kila mtu anaweza kuyakusanya. Sauti ya bibi wa Kojani akisimulia wanaume walivyokwenda dago, yaani kambi ya uvuvi, unayo wewe tu.

Kabla ya kuanza

Usipande boti mpaka haya yawe tayari:

- Pendekezo la utafiti lililopitishwa, pamoja na barua ya utambulisho kutoka chuoni.
- Kibali cha utafiti cha Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Zanzibar ina utaratibu wake wa vibali, kwa hivyo karatasi uliyopewa kwa ajili ya Bara haikutoshi. Omba mapema, toa nakala kadhaa, na ujue kwamba utazionyesha mkoani, wilayani na kwa sheha, kiongozi wa serikali pale kijijini au mtaani.
- Mwongozo wa uandishi wa tasnifu wa chuo chako, toleo linalotumika mwaka huu. Usichukue wa kaka yako aliyemaliza zamani.
- Kinasa sauti kinachorekodi kwa WAV (faili la sauti lisilobanwa), maikrofoni ya kubana kwenye nguo, na vipokea sauti vya masikioni. Simu nzuri yenye programu ya kurekodi WAV inafaa, mradi uijaribu nyumbani kwanza.
- Kompyuta iliyowekwa ELAN kwa unukuzi, Praat kwa kupima sauti, na Zotero kwa marejeo. Zote tatu ni za bure.
- Diski mbili za kuhifadhia, na zikae nyumba mbili tofauti.
- Mwenyeji, yaani mtu wa kijiji hichohicho atakayekutangulia kupiga hodi. Vifaa ukivikosa unaweza kuazima. Ukikosa mwenyeji, hutopata lugha unayoitafuta.

Hatua ya 1: Punguza mada mpaka iingie katika sentensi moja

"Lahaja za Pemba" si mada ya uzamili. Ni mada ya umri mzima wa mtu. Chukua kipengele kimoja, mahali pamoja, kundi la watu linaloeleweka.

Kwa mfano, katika baadhi ya lahaja za Kiswahili "paa" la nyumba na "paa" wa mwituni ni maneno mawili yanayotofautiana kwa mpumuo: mnyama hutamkwa kwa pumzi inayosikika baada ya p, na la nyumba halina pumzi hiyo. Maandishi yetu hayaonyeshi tofauti hii. Sasa uliza: je, wazee na vijana wa Wete wanaitofautisha kwa kiwango kimoja? Hilo ni swali linalopimika. Unajua utarekodi nani, utarekodi maneno gani, na utapima nini. Mada ikikaa hivi, malengo mahususi yanajiandika yenyewe.

Historia ya usanifishaji ipe aya mbili katika sura ya kwanza, basi. Kwamba Kiunguja cha mjini kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano wa Mombasa wa 1928, na kwamba kamati ya lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi 1930, mtahini anayajua. Kama unataja uainishaji wa lugha za Kibantu wa mwanaisimu Guthrie, andika namba zake sawasawa: Kiunguja ni G42d, Kipemba G43a, Kitumbatu G43b, na Kihadimu, ambamo Kimakunduchi huingizwa, ni G43c. Nimeona namba hizi zikichanganywa mara nyingi, na kosa dogo la namna hiyo katika ukurasa wa tatu humfanya mtahini aisome kazi iliyobaki kwa shaka.

Hatua ya 2: Panga safari kwa kalenda ya wenyeji

Ratiba ya chuo haijui bamvua, yaani siku maji ya bahari yanapojaa na kutoka kupita kiasi. Ukienda Jambiani au Paje kuwatafuta kina mama wakulima wa mwani wakati wa bamvua, mwezi mwandamo au mwezi mpevu, utakuta wako pwani maji yanapotoka. Nenda wakati wa maji mafu, yasiyojaa wala kutoka sana, utawakuta nyumbani na wana nafasi ya kuzungumza.

Pemba msimu wa karafuu watu wanatoka alfajiri. Usimsumbue mtu mchana. Lakini usiku, familia inapokaa kuchambua karafuu, mikono inafanya kazi na midomo iko huru, na huko ndiko utakakosikia Kipemba kisichojipamba. Omba ruhusa, weka kinasa sauti pembeni, kaa uchambue nao.

Ramadhani mchana acha. Makunduchi wakati wa Mwaka Kogwa, mwezi wa Julai, ni pazuri kwa nyimbo na maneno ya kurushiana, ila kijiji kimejaa wageni na hutopata utulivu wa mahojiano.

Ukifika, anza kwa sheha. Hata kama mwenyeji wako ni mtoto wa pale pale, anza kwa sheha. Kisha nenda na mwenyeji, pigeni hodi, amkianeni sawasawa, na usitoe kinasa sauti kabla hujaulizwa kilichokuleta.

Hatua ya 3: Rekodi mazungumzo, si majibu ya mtihani

Ridhaa iombwe kwa maneno yanayoeleweka. Fomu ya kurasa mbili yenye lugha ya kisheria inamtisha mzee. Kama kamati ya maadili ya chuo chako inakubali ridhaa ya mdomo, sema hivi na irekodiwe:

"Shikamoo bibi. Naitwa fulani, nasoma chuo kikuu. Nataka kujifunza mnavyozungumza hapa kwenu. Ukiniruhusu nitarekodi sauti yako. Jina lako sitoliandika. Ukichoka sema, tutaacha, na ukitaka nifute nitafuta."

Halafu inakuja shida ambayo mwanaisimu William Labov aliieleza zamani: tunataka kujua watu wanavyosema wakiwa hawaangaliwi, na njia ya kujua ni kuwaangalia. Kwetu hapa shida hii ni kubwa kwa sababu kila mtu amepita skuli akaambiwa kwamba lugha ya kwao ni "ya shamba". Akiona mtu wa chuo, anabadilisha. Anakuzungumzia Kiswahili cha redio, nawe unarudi mjini na saa tatu za kitu usichokifuata.

Fanya hivi:

a) Warekodi wawili wanaojuana, waongee wao kwa wao. Wewe nyamaza.

b) Uliza habari inayomgusa: dago, harusi yake, mwaka wa njaa, chombo kilichozama. Anayesimulia jambo lililomtokea hana muda wa kuchagua lahaja.

c) Dakika ishirini za mwanzo usizihesabu katika data yako.

d) Ukitaka maneno mahususi, onyesha kitu. Shika upawa, shika kifuu, uliza "Hiki mnakiitaje?" Kamwe usiulize "Je, hiki mnakiita hivi?" Mgeni akiheshimiwa hukubaliwa, na utajibiwa "ndiyo" hata pasipo na ndiyo.

Onyo kuhusu sauti: zima feni, sogea mbali na jiko, na angalia saa ya adhana. Mti wenye majogoo ukimbie. Vaa vipokea sauti masikioni dakika ya kwanza usikilize unachokirekodi, kwa sababu upepo wa Kusini Unguja hausikiki kwa sikio tupu kama unavyosikika ndani ya maikrofoni.

Watu wangapi? Gawa kwanza, ndipo uhesabu. Makundi matatu ya umri, mara jinsia mbili, mara watu wawili kila kisanduku, ni watu 12. Kwa kazi ya uzamili inayochambua kwa kina, idadi ya namna hii inateteka, mradi ueleze kwa nini umegawa hivyo. Watu 60 waliojaza hojaji juujuu hawateteki.

Hatua ya 4: Hifadhi usiku uleule

WAV ya 44.1 kHz, biti 16, chaneli moja, inachukua takriban MB 5 kwa dakika, yaani zaidi kidogo ya MB 300 kwa saa. Si kubwa. Hakuna sababu ya kuibana kuwa MP3 ili kuokoa nafasi, hasa kama utapima mpumuo au kiimbo.

Lipe kila faili jina lenye mahali, tarehe na namba ya mzungumzaji, mfano WETE_2025-06-14_KE03. Majina halisi yakae kwenye daftari moja tu, na daftari hilo lisitoke kwako. Usimtumie mwenzako rekodi kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Sauti itabanwa na haitorudi ilivyokuwa. Tuma kama waraka, au nakili kwenye diski.

Hatua ya 5: Nukuu, na usisahihishe

Hapa ndipo wengi wanapochoka. Saa moja ya mazungumzo hula siku nzima ya unukuzi au zaidi, kwa hivyo usinukuu kila kitu. Sikiliza yote, weka alama penye kipengele chako, nukuu hapo na sentensi zinazozunguka.

Katika ELAN tengeneza matabaka matatu kwa kila mzungumzaji: alichotamka, mgawanyo wa mofimu, na Kiswahili sanifu. Tabaka la kwanza liwe na kilekile ulichosikia. Akisema "ntu", andika "ntu". Usiandike "mtu" kwa sababu kamusi imesema hivyo. Akisema "kenda", usimgeuzie kuwa "alikwenda". Ukisahihisha, umefuta utafiti wako kwa mkono wako mwenyewe, na umemfanyia mzungumzaji kilekile alichofanyiwa skuli. Hili naliweka mbele ya kila kanuni ya unukuzi.

Mgawanyo wa mofimu ufuate kanuni za Leipzig, zinazotumiwa na wanaisimu kote duniani. Mstari wa pili na wa tatu lazima uwe na idadi sawa ya vistari:

Nimemnunulia kofia.
ni-me-m-nunu-li-a kofia
N1-TIM-1-nunua-TDE-IT 9.kofia

N1 ni nafsi ya kwanza umoja, TIM hali timilifu, 1 yambwa ya ngeli ya 1, TDE kauli ya kutendea, IT irabu tamati. Vifupisho vyote viorodheshwe mwanzoni mwa tasnifu. Hesabu vistari vya kila mfano kabla ya kukabidhi. Kuna watahini wanaovihesabu, na wana haki.

Kuhusu ngeli, chagua mfumo mmoja. Ama namba za Kibantu, 1, 2, 3 na kuendelea, ama A-WA, U-I na wenzake. Kutumia namba katika sura ya pili na A-WA katika sura ya nne ni kosa ninaloliona karibu kila mwaka.

Ukipima sauti kwa Praat, badilisha kiwango cha kidatu, yaani ukubwa na wembamba wa sauti, kulingana na mzungumzaji. Hz 75 hadi 300 huwafaa wanaume wengi, na 100 hadi 500 wanawake. Ukiacha kimoja kwa wote, mchoro utaonyesha kiimbo kinachoruka mahali ambapo hakuna kilichoruka. Mpumuo unaupima kwa milisekunde, tangu mpasuo hadi nyuzi sauti zinapoanza kutetema. Mpime kila mtu neno lilelile mara kadhaa, na uandike vipimo vyote, hata visivyokupendeza.

Hatua ya 6: Andika kwa mpangilio huu: nne, tatu, mbili, moja, tano

Sura ya nne ikiandikwa kwanza, zilizobaki zinajua zinakwenda wapi. Chukua mifano yako, ipange katika mafungu, kila fungu liandikie aya inayosema umeona nini. Usitaje nadharia bado. Sema tu: wazungumzaji hawa wanafanya hivi, wale wanafanya vile, na huyu mmoja peke yake anafanya tofauti na wote.

Huyo mmoja usimfiche. Mwanafunzi anayemfuta asiyelingana na wengine anadhani anaisafisha kazi. Kumbe mara nyingi yule bibi mmoja, aliyeolewa Tumbatu akitokea Nungwi, ndiye mwenye habari ya kuelezwa.

Kila mfano uwe na namba, na kila namba itajwe ndani ya maelezo. Mfano usiotajwa ni pambo, utoe.

Sura ya tatu ni rahisi ukiwa na daftari la utafiti: ulikwenda wapi, lini, kwa nani, ulitumia nini, nini kilikwama na ulikitatua vipi. Iandike kwa wakati uliopita. Wengi wanalibandika pendekezo lao kama lilivyo, na tasnifu iliyokamilika inasema "mtafiti atakwenda Micheweni".

Sura ya pili sasa itakuwa fupi na yenye makali, kwa sababu unajua unachojibizana nacho. Usiandike fulani alisema hivi mwaka huu, fulani naye akasema vile mwaka ule, ukurasa baada ya ukurasa. Waweke pamoja wanaokubaliana, waweke upande wa pili wanaopinga, kisha onyesha ambapo hakuna aliyefika. Usiwasahau walioandika kwa Kiswahili hapahapa. Kazi za BAKIZA (Baraza la Kiswahili la Zanzibar) na tasnifu zilizolala maktabani zina data ambayo vitabu vya nje havina. Nyaraka za Taifa pale Kilimani nazo zifikirie, kama mada yako inagusa maandishi ya zamani ya hati za Kiarabu.

Nadharia: chagua inayoeleza data yako. Jipime kwa swali moja, nalo utaulizwa hakika: nadharia hii imekuonyesha nini ambacho usingekiona bila yake? Kama huna jibu, ama umechagua isiyofaa, ama umeitaja sura ya pili ukaisahau sura ya nne.

Ikisiri iandikwe mwisho kabisa. Lengo, mahali, mbinu, matokeo, maana yake. Matokeo lazima yawemo. Usiseme tu kwamba "matokeo yamejadiliwa".

Hatua ya 7: Mpelekee msimamizi vipande vidogo

Sura nzima ya kurasa 60 inakaa mezani kwake wiki nyingi. Kurasa 12 anazisoma. Kila unapompelekea, andika juu maswali mawili unayotaka ajibu, na baada ya kila kikao mwandikie muhtasari mfupi wa mliyokubaliana. Si kwa kumshuku. Naye ana wanafunzi wengi, na kumbukumbu hiyo inawasaidia nyote wawili.

Mkitofautiana kuhusu uchambuzi, mpelekee rekodi asikilize. Sauti inamaliza ubishi haraka kuliko barua pepe kumi.

Hatua ya 8: Usafi wa mwisho

Tenga muda wa kutosha kwa kazi hii, usiibanie siku mbili. Vichwa vya sura viwekwe kwa mitindo ya programu yenyewe ili yaliyomo yajipange. Alama za kifonetiki ziandikwe kwa fonti ya Charis SIL au Doulos SIL tangu mwanzo. Ukurasa wa ikirari, tamko, shukurani na tabaruku ufuate mpangilio wa chuo, hata kama unaona mwengine mzuri zaidi. Hakikisha kila aliyetajwa ndani yumo kwenye marejeo, na kila aliyemo kwenye marejeo ametajwa ndani.

Vyuo hupima ufanano kwa programu. Kutafsiri aya ya mtu kutoka Kiingereza kuja Kiswahili bila kumtaja ni wizi uleule, hata programu isipougundua. Na tahadhari na akili unde: inaweza kukutungia marejeo ambayo hayajawahi kuwepo, na ukiipa sentensi za Kitumbatu huenda ikazigeuza kuwa Kiswahili sanifu bila kukwambia. Mtahini anayejua fani yake atayatambua yote mawili.

Hatua ya 9: Kuwasilisha mbele ya jopo

Uliza mapema umepewa dakika ngapi. Kwa kawaida ni kati ya 15 na 20. Slaidi kumi hadi kumi na mbili zinatosha: mada na swali, mahali na watu, mbinu, matokeo, maana yake. Nusu ya muda wako iende kwenye matokeo. Usitumie dakika nane kueleza maana ya lahaja mbele ya watu waliofundisha lahaja miaka ishirini.

Cheza sauti. Sekunde kumi za mzungumzaji mmoja, maandishi yake yakiwa kwenye slaidi, zinalifanya jopo lione unachokizungumzia. Hakikisha ridhaa uliyopewa inaruhusu kuchezwa mbele ya watu, na ukate jina lolote lililotajwa ndani.

Fanya mazoezi mara kadhaa mbele ya wenzako, na mmoja wao asiwe mwanaisimu. Asipoelewa slaidi ya tatu, irekebishe slaidi.

Maswali haya yaandalie majibu, kwani huulizwa karibu kila mahali: Kwa nini Kojani na si Micheweni? Pengo liko wapi hasa? Kwa nini watu hawa tu? Data inayopingana na dai lako umeifanyaje? Kazi hii inaongeza nini?

Ukiulizwa, nyamaza kidogo, andika swali, kisha jibu. Jibu liishie pale data yako inapoishia. "Kwa wazungumzaji 12 niliowarekodi Wete, hali ni hii, kwa Mkoani siwezi kusema" ni jibu zito. Kusema Wapemba wote wanafanya hivi ni kujitia kitanzi. Na ukikosolewa kwa haki, sema "Nimekubali, nitarekebisha" na usonge mbele. Usibishane kwa ajili ya heshima.

Kwa hishima ya mahali, wasalimu wote kabla ya kuanza na utaje vyeo vyao sawasawa. Wazee wa kijiji ulikotafiti wakiweza kuhudhuria, waalike. Ni haki yao.

Hatua ya 10: Marekebisho na kujalidi

Kupitishwa kwa marekebisho madogo ni jambo la kawaida, na hata makubwa si msiba. Chora jedwali la safu tatu: maoni ya mtahini kwa maneno yake mwenyewe, ulichofanya, na ukurasa. Usiache mstari hata mmoja mtupu. Pale usipokubaliana, andika sababu kwa adabu katika safu ya pili. Jedwali likikamilika, mtahini wa ndani ataipitia kazi haraka, kwa sababu hana la kutafuta.

Jalidi nakala chuo kinazotaka, uongeze moja ya shehia na moja ya maktaba ya skuli ya pale ulikofanyia kazi.

Ukikwama

Rekodi ina kelele na mzee hayupo tena. Usiitupe. Haitofaa kupima sauti, lakini huenda maneno na sentensi zinasikika. Itumie kwa mofolojia au msamiati, na useme hivyo katika sura ya tatu.

Kila uliyemrekodi amezungumza Kiswahili sanifu. Rudi na mwenyeji mwengine, rekodi wawili pamoja, au mwombe mwenyeji arekodi mwenyewe wewe ukiwa haupo, kwa ridhaa ya wote. Kama hata hivyo hawabadiliki, labda lahaja inahama, na hayo nayo ni matokeo.

Mtu ametokea kuandika mada yako. Isome yote kabla ya kuogopa. Mahali pake si pako na watu wake si wako. Ilinganishe na yako katika mjadala wa sura ya nne.

Msimamizi kimya. Mwandikie kwa upole, mpigie, kisha mfuate ofisini. Miezi ikipita, muone mratibu wa uzamili kwa maandishi ukiambatisha muhtasari wa vikao vyenu. Ndiyo maana nilikwambia uuandike.

Muda wa usajili unakaribia kwisha. Omba nyongeza kabla haujaisha. Baada ya hapo mambo huwa magumu na ghali.

Unukuzi haukubaliani na wa mtu wa pili uliyemwomba ahakiki. Kaeni pamoja msikilize pale mnapotofautiana tu. Mkishindwa kukubaliana, mwiteni mzungumzaji mwenyewe asikilize. Pale ambapo naye hana hakika, weka alama ya shaka na usiutumie mfano huo kuthibitisha dai kubwa.

Alama za kifonetiki zimegeuka visanduku kwenye kompyuta ya ukumbini, au sauti haitoki. Hifadhi slaidi kwa PDF pia, faili za sauti ziweke kando kwa WAV, beba spika ndogo yako mwenyewe, na ufike saa moja kabla ujaribu projekta. Umeme ukikatika, uwe na nakala za karatasi za slaidi za matokeo kwa kila mjumbe wa jopo, na uendelee kuwasilisha.